Simu ndiyo inayoamua kuhama: niliyojifunza nikisambaza waifai katika hoteli ya ghorofa tisa

Mwanzoni mwa mwaka 2024 niliitwa katika hoteli moja ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, nikaelezwa tatizo ambalo meneja aliliona la ajabu: mgeni akikaa chumbani waifai inafanya kazi, akikaa mapokezi inafanya kazi, lakini akitoka chumbani kwenda mapokezi inakatika njiani, na mara nyingine hairudi mpaka azime simu na kuiwasha upya. Jengo lilikuwa na ghorofa tisa ukihesabu na ya chini. Chini palikuwa na mapokezi, ofisi na ukumbi mdogo wa mikutano. Juu yake ghorofa saba zenye vyumba 12 kila moja. Na juu kabisa mgahawa wa wazi. Vyumba vyote vilikuwa 84, na siku nyingi vilijaa.

Nilikuwa nimeshafunga mitandao ya ofisi, shule na maduka kwa miaka kadhaa, na niliamini kwamba hoteli haitofautiani sana na ofisi. Ilinichukua miezi minne, na kazi moja kuifanya mara mbili, kuielewa tofauti yake.

Dalili ya kwanza niliipata kwa wageni wenyewe. Wengi wao ni wafanyabiashara wanaokuja kuchukua mzigo Kariakoo kutoka Kongo, Zambia, Komoro na mikoani kwetu, na simu zao hazitulii. Siku ya kwanza nilimwona mama mmoja wa Lubumbashi akitoka chumbani amewasha video, akimwonyesha mteja wake vitenge alivyonunua asubuhi. Alitembea korido nzima akizungumza, akashika ngazi, na alipofika ghorofa ya chini yake picha ikaganda. Alisimama pale pale kwenye ngazi akiita jina la mteja wake, kisha akakata, akapiga tena kwa bando lake la simu. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza kama waifai inafika, nikaanza kuuliza kama inamfuata mtu anapotembea.

Chanzo cha tatizo lile hakikuwa kigumu kukipata. Kila ghorofa ilikuwa na ruta yake ya dukani, na ruta zote zilipewa jina moja la mtandao na nenosiri moja, kwa sababu aliyezifunga alidhani kwamba jina likiwa moja basi mtandao nao huwa mmoja. Lakini kila ruta ilikuwa ikigawa anwani zake yenyewe, yaani namba zinazokitambulisha kila kifaa ndani ya mtandao, zote zikianzia 192.168.1, na kila moja ilikuwa na mlango wake wa kutokea kwenda intaneti. Simu iliyopewa anwani na ruta ya ghorofa ya nne iliposhuka ghorofa ya tatu ililiona jina lile lile, ikajiunga, na mara nyingi ikaendelea kutumia anwani ya zamani, ambayo ruta ya ghorofa ya tatu haikuitoa na pengine ilikuwa imeshampa mgeni mwingine. Alama ya waifai ilionekana imejaa, na hakuna kilichopita. Hata pale simu ilipoomba anwani mpya na kuipata, mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea yalikuwa yameshakufa, kwa kuwa yalikuwa yamefungwa kwenye mlango wa ruta ya juu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo ningemwomba fundi yeyote alikague, kabla hajafikiria antena wala chaneli (vile vipande vya masafa ambavyo vituo hurushia), ni nani anayegawa anwani katika jengo. Lazima awe mmoja. Mgeni akipewa anwani ghorofa ya saba, anwani hiyo iendelee kuwa yake anapokula juu na anapolipa chini, na mlango wa kutokea uwe ule ule. Tulizing'oa ruta zote, tukaweka ruta moja kuu katika chumba cha mitambo, swichi moja ya mtandao, yaani kifaa cha kuunganisha kebo, katika kila ghorofa, na nyuzi za mwanga kupandisha mawasiliano kati ya ghorofa na ghorofa. Hatukutumia nyaya za shaba kwenye shimo la wima, kwa sababu kebo ya shaba ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100 kutoka mwisho hadi mwisho, na kwa sababu sikutaka radi ikipiga juu ya paa iteremke na waya mpaka kwenye ruta kuu.

Sehemu hiyo ilikwenda vizuri. Nilipokosea ni kwenye mawimbi yenyewe.

Nilipanga vituo 21 vya waifai, vile visahani vyeupe vya darini ambavyo mafundi huviita eksesi pointi: vitatu katika kila korido ya vyumba, kimoja kila mwisho na kimoja katikati. Kwenye ramani ya jengo mpango ulipendeza. Kebo zilikuwa fupi, hatukuhitaji kuingia vyumbani mwa wageni, na nilipopita koridoni na kompyuta mpakato yangu mawimbi yalikuwa na nguvu mwanzo hadi mwisho. Niliviacha vituo virushe kwa nguvu zao zote, nikiamini kwamba nguvu nyingi ni usalama. Meneja alitembea nami, akafurahi, akasaini.

Wiki mbili baadaye malalamiko yalirudi, safari hii kutoka vyumbani. Aliyeyaeleza vizuri kuliko wote alikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba, mama mtu mzima ambaye wahudumu wake walikuwa wamepewa vishikwambi vya kuwajulisha mapokezi kila chumba kinapokuwa tayari. Nilipomwamkia, “Shikamoo mama,” aliitikia, “Marahaba mwanangu,” kisha akanishika mkono akaniingiza chumba 406.

“Mtandao wako uko koridoni,” aliniambia. “Hapa mlangoni upo. Nikifika kitandani kutandika, kishikwambi kinazunguka tu. Narudi mlangoni, kinakwenda.”

Alikuwa na daftari. Kila mhudumu aliyelazimika kutuma taarifa ya chumba zaidi ya mara moja alimwambia, naye aliandika namba ya chumba, saa, na mahali mhudumu aliposimama. Nilikaa na daftari lile jioni nzima nikiwa na ramani pembeni, na nililolisoma humo halikuwamo katika programu yoyote niliyokuwa nayo. Vyumba vilivyolalamikiwa vilitawanyika katika ghorofa zote saba, lakini mahali palikuwa pamoja: kitandani, upande wa dirisha.

Sababu ni namna vyumba vya hoteli vinavyojengwa. Ukifungua mlango unakutana na kijia kifupi, na pembeni yake pana bafu. Kitanda kiko ng'ambo ya bafu. Wimbi linalotoka koridoni kwenda kitandani hupita ukuta wa korido, kisha ukuta wa bafu wenye vigae, mabomba yenye maji, kioo kikubwa chenye rangi ya fedha mgongoni, kisha ukuta wa pili wa bafu. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na namba zake huwa hasi: hasi 50 ni nguvu nyingi, hasi 80 ni kidogo sana. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu, na kila desibeli 10 zinazopotea hubakiza sehemu moja ya kumi. Nilipopima chumba 406 kwa masafa ya gigahezi 5, ukuta wa korido peke yake ulikula desibeli 10, na bafu likaongeza zaidi ya 20. Koridoni nilikuwa nasoma hasi 45. Kwenye mto wa kulalia nilisoma hasi 78. Kwa mazungumzo ya sauti na video wengi wetu hulenga hasi 67 au bora zaidi, na pale nilikuwa mbali nayo.

Lakini kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo, na linahusu kuhama kwenyewe, jambo ambalo mafundi huliita rominga. Nilikuwa nikifikiri kwamba vituo ndivyo vinavyomkabidhi mgeni kwa mwenzao, kama ilivyo kwa minara ya simu za mkononi, ambako mtandao ndio unaoamuru simu ihame. Katika waifai sivyo. Simu yenyewe ndiyo inayoamua lini itaacha kituo na kipi itakifuata, na kila kampuni imeiwekea simu yake kanuni zake. Apple imeeleza wazi kwamba iPhone huanza kutafuta kituo kingine pale nguvu ya kituo ilichoshika inaposhuka chini ya hasi 70. Mpaka namba hiyo ifike, iPhone haihangaiki, hata kama kuna kituo kipya juu ya kichwa cha mwenye simu.

Sasa fikiria korido yangu. Ni bomba refu lenye kuta laini, na kituo cha mwisho mmoja kikirusha kwa nguvu zote kinasikika mwisho wa pili kwa hasi 55. Mgeni akitoka mwisho huu kwenda mwisho ule simu yake haioni sababu yoyote ya kuhama. Anafika mlangoni kwake, anaingia, anaufunga mlango, anapita bafu, na ghafla nguvu inashuka kutoka hasi 55 hadi hasi 85 ndani ya hatua nne. Hapo ndipo simu inapoanza kutafuta, ikiwa tayari imechelewa. Nguvu nyingi niliyoiona kuwa usalama ndiyo iliyoifanya simu ing'ang'anie kituo kisichoifaa.

Na kulikuwa na jambo la tatu ndani ya hilo. Kituo changu kilikuwa kikirusha kwa miliwati 200, ilhali simu nyingi hurusha kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Ni sawa na mtu aliyesimama na kipaza sauti akizungumza na mwenzake wa mbali asiye nacho: mwenye kipaza sauti anasikika vizuri, naye hasikii jibu. Simu inaonyesha mistari imejaa kwa sababu inakisikia kituo, lakini kituo hakiisikii simu.

Nilikwenda kwa mwenye hoteli nikamwambia kwamba kazi ya korido nimeikosea, na nikamweleza nitakavyoirekebisha na gharama yake. Yalikuwa mazungumzo magumu kwangu. Tulikubaliana kwamba vifaa vipya atanunua yeye na ufundi utakuwa juu yangu.

Safari ya pili sikuanza na ramani. Nilifunga kituo kimoja kwenye fimbo ya mita mbili pamoja na betri, nikaanza kukihamisha chumba kwa chumba katika vyumba vilivyokuwa havina wageni, milango yote ikiwa imefungwa, ya chumba na ya bafu. Nilipima kwa simu wala si kwa kompyuta, kwa sababu antena za kompyuta mpakato kwa kawaida husikia vizuri kuliko za simu, na mgeni hatembei na kompyuta. Nilipima nimeshika simu kwa mkono jinsi mtu anavyoishika kitandani, kwa kuwa kiganja cha binadamu nacho hula mawimbi. Nilipima chumba kilichopo, cha kushoto, cha kulia, cha juu na cha chini. Sakafu ya zege yenye nondo ilikata zaidi ya desibeli 20 kwa gigahezi 5, jambo lililonifurahisha, maana lilimaanisha kwamba ghorofa zingeweza kutenganishwa. Ukuta wa tofali la saruji kati ya chumba na chumba ulikata desibeli 8 hadi 12. Hapo nikapata jibu: kituo kimoja ndani ya chumba kinaweza kumhudumia na jirani mmoja, kwa nguvu ndogo, bila kupita bafu lolote.

Tuliweka vituo vya ukutani, vidogo kama soketi ya umeme, penye meza ya kuandikia, katika chumba kimoja kati ya viwili. Katika hoteli ile vyumba vinavyofuatana kwa namba hupakana ukuta, kwa hiyo katika ghorofa za kwanza, tatu, tano na saba tulichagua vyumba vyenye namba witiri, na katika ghorofa za pili, nne na sita vyenye namba shufwa. Kupishanisha huko ni muhimu. Katika mpango wangu wa kwanza vituo vilikuwa vimepangana wima, kimoja juu ya kingine, na mara nyingi simu ya mgeni wa ghorofa ya tatu ilishika kituo cha ghorofa ya nne kwa sababu kilikuwa juu ya kichwa chake. Vikipishana, mwenye kituo chumbani hana kingine juu ya kichwa chake, na aliye chumba kisicho na kituo hukisikia cha jirani wa ukuta kwa nguvu kuliko cha juu au cha chini, kwa kuwa ukuta hukata kidogo kuliko sakafu.

Vikawa vituo 42 vya vyumbani. Vile 21 vya zamani havikupotea: saba vilibaki, kimoja mbele ya lifti katika kila ghorofa, vinne vilikwenda ghorofa ya chini, vitatu vilikwenda mgahawani, chini ya paa lisilovuja, na saba tukaviweka stoo kuwa akiba.

Nguvu tulizishusha. Kwa gigahezi 5 tulirusha kwa takriban miliwati 25, na kwa gigahezi 2.4, ambazo hupenya kuta zaidi, tulishusha hadi miliwati 6, na katika nusu ya vituo tukazizima kabisa. Meneja aliposikia kwamba naongeza vituo na kupunguza nguvu aliona napoteza fedha zake. Nilimweleza hivi: tunataka kila kituo kisikike vizuri chumbani mwake na kwa jirani, kisha kinyamaze, ili simu ikitoka ipate sababu ya kukiacha mapema, wakati kinachofuata kimeshaanza kusikika. Kati ya kituo na kituo lazima pawe na eneo ambalo vyote viwili vinasikika kwa hasi 67 au karibu yake, na mtu anapolivuka eneo hilo kwa mwendo wa kawaida simu iwe na muda wa kuchagua. Ni kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti: lazima wakimbie pamoja hatua kadhaa kabla mmoja hajaachia.

Kwenye chaneli nilijifunza jambo ambalo bado naona halizungumzwi vya kutosha. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na Kariakoo kila jengo la jirani limeshazijaza. Nilipopanda mgahawani nilihesabu majina ya mitandao mpaka nikaacha. Baadhi ya ruta za zamani tulizozing'oa zilikuwa zimewekwa kwenye chaneli 12 na 13, na simu kadhaa zilizoletwa kutoka nje hazikuwa zikiziona kabisa. Kwa gigahezi 5 nafasi ni kubwa, nasi tulibana upana wa kila chaneli uwe megahezi 20, ili vituo vingi vipate chaneli tofauti, ingawa kila kimoja kinapungukiwa na kasi ya juu ambayo hata hivyo mgeni wa kawaida haitumii.

Ila chaneli za gigahezi 5 hazifanani. Zile kuanzia 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na kanuni zinataka kituo kisikilize kwanza kwa angalau dakika nzima kabla ya kurusha, na kikihisi rada kihame. Kwa sababu hiyo hiyo simu nayo hairuhusiwi kuanza kuviita vituo kwenye chaneli hizo. Husubiri mpaka isikie kituo kikijitangaza, kwa hiyo huchukua muda mrefu zaidi kukigundua. Kwa mgeni aliyelala hilo halina uzito. Kwa mtu anayetoka kwenye lifti akiwa katikati ya mazungumzo lina uzito sana. Tangu nilipolielewa, mbele ya lifti na karibu na ngazi naweka chaneli 36 hadi 48 au 149 hadi 161 peke yake, na zile za rada naziacha vyumbani.

Anwani zilihitaji hesabu yake. Ruta kuu mwanzoni ilikuwa na nafasi ya anwani 254, na kila aliyepewa alikaa nayo saa 24. Vyumba 84 vikijaa, kila mgeni na simu mbili, wengine na kishikwambi na kompyuta, na wageni wa jana anwani zao bado zimeshikiliwa, nafasi huisha kabla ya jioni. Simu za siku hizi pia hujitambulisha kwa namba ya kubuni kwa kila jina la mtandao, na hoteli ikiwa na majina mengi simu moja huhesabika kama kadhaa. Tulifungua nafasi ya anwani 1,022 kwa wageni, tukapunguza muda wa kuzishika hadi saa 12, tukazuia vifaa vya wageni visionane, na tukabakiza majina mawili tu: la wageni na la wafanyakazi. Kila jina la mtandao hujitangaza karibu mara kumi kwa sekunde kutoka katika kila kituo, na likijitangaza kwa kasi ndogo ya zamani hula hewa ya wote. Kwa hiyo tulizifunga pia kasi zilizo chini ya megabiti 12 kwa sekunde.

Vipo viwango vilivyotungwa kusaidia kuhama: 802.11k, kinachoipa simu orodha ya vituo jirani ili isitafute kila chaneli, 802.11v, ambacho kituo hukitumia kuishauri simu iende wapi; na 802.11r, kinachofupisha mabadilishano ya funguo za siri wakati wa kuhama. Viwili vya kwanza niliviwasha kila mahali bila tatizo. Cha tatu nilikiwasha kila mahali na asubuhi yake wageni wawili wenye simu za zamani hawakuweza kujiunga kabisa. Niliwaomba radhi, nikakizima kwa wageni, nikakibakiza kwa wafanyakazi, ambao vifaa vyao navijua kimoja kimoja. Nilijaribu pia njia ya mkato ya kuvifanya vituo vimfukuze kila anayesikika kwa udhaifu. Katika vyumba viwili vya kona simu zilifukuzwa, zikarudi, zikafukuzwa tena usiku kucha. Nimeiacha njia hiyo. Mpango wa vituo ukiwa mzuri simu huondoka yenyewe.

Lifti niliizungumza mapema safari hii, kwa maandishi. Kibanda cha lifti ni sanduku la chuma, na mazungumzo yatakatika humo isipokuwa uweke kituo ndani yake au ndani ya shimo lake, kazi ambayo haiendi bila fundi wa lifti. Hoteli haikutaka gharama hiyo. Tulichoweza ni kuhakikisha kwamba milango ikifunguka kituo cha mbele kinasikika kwa nguvu papo hapo. Kwenye ngazi, mlango wa chuma wa dharura wa kila ghorofa ulikuwa tatizo lile lile, na kituo cha mbele ya lifti kilisogezwa mita tatu ili kikielekee.

Tulimaliza mwishoni mwa Aprili. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei, simu yangu ilianza kulia asubuhi: waifai mpya imekufa hoteli nzima. Nilifika nikakuta vishikwambi vya wahudumu vinatuma taarifa mapokezi bila shida, kwa kuwa seva yao iko ndani ya jengo, ila hakuna kilichotoka nje. Ilikuwa ile siku mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikayumba katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Tangu hapo nimeweka pale mapokezi ukurasa mdogo unaoonyesha mambo mawili kwa rangi, hali ya waifai ya ndani na hali ya intaneti ya nje, ili anayejibu wageni awape jibu la kweli.

Jaribio ninalolithamini tulilifanya usiku mmoja hoteli ikiwa imejaa, kwa sababu miili ya watu ni maji na jengo tupu hudanganya. Yule mama msimamizi alibaki mapokezi na kishikwambi, nami nikampigia kwa video nikiwa mgahawani. Nilishuka kwa ngazi, nikapita korido ya kila ghorofa mwisho hadi mwisho, nikaingia chumba kimoja katika kila ghorofa ya vyumba na kusimama kando ya kitanda, huku yeye akinihesabia kwa sauti kutoka moja kwenda mbele bila kupumzika. Nilisikiliza namba zilizoruka. Iliruka moja, kwenye mlango wa chuma wa ghorofa ya tano, ambao usiku huo ulikuwa umefungwa na kawaida huachwa wazi.

Daftari bado analo. Nilipopita mwezi Julai alikuwa ameandika vyumba viwili tu, 302 na 612. Cha kwanza kilikuwa na waya uliolegea nyuma ya kituo cha 301. Cha pili kina kituo chake chenyewe, nikashangaa, mpaka nilipoingia nikakuta friji ndogo imesogezwa kando ya meza na kusimamishwa mbele yake. Tuliirudisha mahali pake, mama akasimama kandokando ya kitanda, akatuma taarifa ya chumba, ikaenda mara moja, naye akaichora mstari ile namba.